Stika ya Miwani

Mimi ndiye mtu wa kompyuta katika ukoo wetu. Cheo hiki sikukigombea. Nilikipata siku nilipochomoa karatasi iliyokwama kwenye printa, mbele ya mashangazi waliokuwa wakisubiri kadi za mchango wa harusi, na tangu hapo kitu chochote chenye waya kikigoma naitwa mimi. Nimeitwa kwa simu iliyoingia maji, kwa king'amuzi kilichopoteza chaneli, na hata kwa friji. Friji lenyewe lilikuwa halijachomekwa.

Kwa hiyo sikushangaa shemeji yangu, mume wa dada, aliponitumia ujumbe wa sauti kutoka Kariakoo. "Shemeji, mpwao kafaulu, nimemwahidi laptopu ya chuo. Nimeipata hapa Mtaa wa Aggrey. Ina VR. Kijana wa duka anasema ikishakuwa na VR inabeba kila kitu, na macho haiumizi. Njoo uiangalie kabla sijatoa hela." Nyuma yake sauti nyingine ikadakia: "Mwambie mzigo wa Dubai, mzee! Mwambie umeingia juzi!"

Shemeji ameendesha malori maisha yake yote, Dar hadi Tunduma, akavuka mpaka kwenda Zambia na kuendelea mpaka Lubumbashi, hadi mgongo ulipomwambia basi. Ni mtu wa kusikiliza mashine. Asichoweza kukisikiliza hukitilia shaka, na kompyuta, bahati mbaya, haingurumi. Mwanawe alikuwa amechaguliwa kusomea usanifu majengo, akamweleza baba yake kwamba fani hiyo inataka kompyuta yenye nguvu za gemu. Hapo hakudanganya. Programu za kuchora majengo ya pande tatu zinategemea kadi ya grafiksi ileile inayotegemewa na gemu. Uongo wa mpwa wangu ulikuwa mzuri kwa sababu kila neno ndani yake lilikuwa la kweli. Alichonyamazia ni diski ya nje iliyokuwa begini mwake, imebeba gemu zima la GTA V, alilolipata kwa njia ambazo mjomba mwenye busara haulizi.

Duka lenyewe lilikuwa na upana wa mtu na nusu. Laptopu zimepangwa hadi darini, na katikati ya kaunta, juu ya kitambaa cha kijani, imelazwa yenyewe: nene, nyeusi, nzito, kibodi ina taa nyekundu. Upande wa kushoto, pale kiganja kinapokaa, kulikuwa na stika ya rangi ya fedha iliyoanza kunyanyuka pembe moja. VR Ready. Yaani iko tayari kwa uhalisia pepe, ile miwani mikubwa inayofunika uso mzima ukajiona uko mwezini huku umesimama sebuleni. Shemeji aliipapasa stika kwa kidole gumba, akanitazama, akasubiri hukumu.

Sasa stika hii ina historia, na inafaa kuisikia kabla ya kutoa hela. Mwishoni mwa Machi 2016 miwani ya Oculus Rift ilianza kuuzwa kwa dola 599, na wiki moja baadaye ikafuata HTC Vive kwa dola 799. Hiyo ni bei bila kompyuta. Miwani hiyo haikuwa na akili yake yenyewe. Kila picha ilichorwa na kompyuta iliyounganishwa nayo kwa waya. Ndani yake mlikuwa na vioo viwili, kila jicho na chake, kila kimoja nukta 1080 kwa 1200, na picha ilitakiwa kubadilika mara 90 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, kompyuta inabaki na milisekunde 11 za kumaliza picha moja na kuanza nyingine. Gemu la kawaida kwenye kioo cha kawaida likichelewa kidogo utasonya na kuendelea. Ndani ya miwani, umegeuza shingo na dunia haijageuka. Tumbo halisamehi jambo hilo, na zulia la mwenye nyumba litakuwa shahidi.

Ndiyo maana watengenezaji wakachora mstari. Angalau kadi ya GTX 970 au R9 290, prosesa ya Core i5-4590, na kwa Rift RAM ya GB 8. Aliyeuvuka mstari akapewa stika. Kwa laptopu ulikuwa mtihani mgumu hasa, kwa kuwa mwanzoni mwa 2016 nyingi zilikuwa na kadi zenye herufi M mwishoni, na herufi hiyo ilikuwa inakula nguvu: GTX 970 ya kompyuta ya mezani ina viini vya kuchakata 1664, 970M ya laptopu ina 1280. Jina moja, herufi moja, karibu robo ya viini imeyeyuka. Mambo yalilainika katikati ya mwaka ule, ilipokuja familia ya GTX 10 ambayo kwenye laptopu ilikaribiana sana na ndugu zake wa mezani.

Kwa hiyo muuzaji anayesema "kama inabeba miwani, gemu ni mchezo tu" si mjinga. Miwani ile ilidai nukta milioni 233 kwa sekunde. Gemu la kawaida kwenye kioo cha 1920 kwa 1080, mara 60 kwa sekunde, linadai milioni 124. Kwa gemu za wakati ule, stika ya fedha ilikuwa ushahidi mzito kuliko kiapo cha muuzaji yeyote wa Aggrey. Tatizo lake ni kwamba haina mwaka. Ni cheti cha ubatizo: kinathibitisha kwamba ulibatizwa, hakisemi kama Jumapili iliyopita ulionekana kanisani. Gemu la Indiana Jones and the Great Circle, lililotoka Desemba 2024, linataka kadi yenye uwezo wa kufuatisha miale ya mwanga, na kiwango chake cha chini ni RTX 2060 Super. Mashine iliyopewa stika 2016 haitalicheza polepole. Haitalicheza kabisa.

Na mstari wenyewe haukukaa pale ulipochorwa. Kabla mwaka 2016 haujaisha, Oculus walishusha kiwango cha chini hadi GTX 960, kwa ujanja mmoja mzuri: kompyuta ichore picha 45 kwa sekunde, nyingine 45 zibuniwe kutokana na zilizotangulia. Mtihani uleule, alama za kufaulu zimepunguzwa. Mwaka uliofuata Microsoft wakaja na miwani yao ya Windows, na kiwango chake cha chini kikateremka hadi grafiksi za ndani ya prosesa, Intel HD 620, ambazo ukizifungulia gemu kubwa zinaanza kukuomba radhi. Miwani hiyo nayo imeshaondolewa kwenye Windows 11 tangu toleo la 24H2. Unaweza basi kukutana na laptopu iliyobandikwa uthibitisho wa kubeba kitu ambacho Windows yake haikitambui tena. Hata ile GTX 970 iliyokuwa kipimo cha wote ilikuwa na kesi yake: GB 4 za kumbukumbu zilizotangazwa ziligawanyika, 3.5 zenye spidi na nusu iliyobaki ya kujikongoja, na mwaka 2016 huohuo Nvidia ikakubali kumaliza shauri la wanunuzi wa Marekani kwa dola 30 kwa kila kadi.

Hayo nilimweleza shemeji kwa kifupi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia muuzaji. "Shemeji yangu anasema stika yako imezeeka."

Muuzaji hakutetereka. Alikuwa na ushahidi wa macho. Alifungua YouTube, akaandika jina la gemu la mpira, akachagua video ya 4K, akaijaza kioo kizima. Wachezaji wakaingia uwanjani, jasho linaonekana hadi kwenye nyusi. "Unaona, mzee? Inavuta bila kukwama!" Shemeji akasogea, akaegemea kaunta.

"Mimi nipo timu gani?"

Muuzaji akatoa pedi ya gemu droo ya chini, akampa. "Wewe nyekundu, mzee."

Waya wa pedi ulikuwa unaning'inia hewani, haujachomekwa popote. Shemeji akabonyeza kwa bidii zote, kidole gumba kinateleza, ulimi umetoka pembeni. Nyekundu wakapata kona. Nyekundu wakafunga. Aligeuka kunitazama kwa fahari ambayo sijaiona usoni mwake tangu siku ya mahari. Mpwa wangu akaangalia dari. Nami sikuwa na moyo wa kusema neno, nikaacha mechi iendelee, mpaka dakika ya sabini na kitu lilipoingia tangazo la sabuni ya unga, na shemeji bado anabonyeza.

"Mbona imehama?"

Ndipo nikamweleza. Video ni picha zilizokwishachorwa na mashine ya mtu mwingine, mahali pengine, siku nyingine. Kompyuta iliyo mbele yako inazifungua tu na kuzionyesha, kazi ambayo simu iliyo mfukoni mwako inaifanya bila kutoa jasho. Gemu linachorwa hapohapo, picha kwa picha, kufuatana na unachobonyeza. Video nzuri inathibitisha kwamba kioo ni kizima na intaneti ya jirani ina kasi. Shemeji aliiweka pedi chini taratibu. "Lakini goli nimefunga mimi," akasema.

Muuzaji akaona uwanja unamponyoka, akahamia kwenye tarakimu. "Bosi, hii ina grafiksi GB 14." Hapo masikio yangu yalisimama, maana kadi ya laptopu ya kizazi kile yenye GB 14 haijawahi kuzaliwa. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikaingia sehemu ya utendaji, nikashuka mpaka kwenye grafiksi. Maandishi yalikuwa wazi: GTX 1060. Kumbukumbu ya kadi yenyewe, GB 6.0. Ya kuchangia, GB 7.9. Jumla, 13.9. Muuzaji alisoma mstari wa jumla, na kwa ukarimu wake akaukamilisha kuwa 14. Hiyo 7.9 ni nusu ya RAM ya mashine, ambayo Windows inairuhusu kadi kuiazima ikishajaza yake. Ni mkopo, na spidi yake ni ya mtu anayelipa mkopo. Ukitaka kuijua kadi, uliza ile ya kwanza tu.

Ila GTX 1060 yenye GB 6 si haba. Kadi hii ilitoka mwaka 2016, na stika ile iliistahili. Half-Life: Alyx, gemu lililotengenezwa mahususi kwa miwani mwaka 2020, linaitaja hiyohiyo kuwa kiwango cha chini, pamoja na RAM ya GB 12, na yetu ilikuwa na 16. Anayenunua kompyuta ya mezani achunguze zaidi, kwa sababu kuna 1060 ya GB 3 ambayo imepungukiwa kumbukumbu na pia viini, 1152 badala ya 1280, na jina halisemi. Na sokoni ziko kadi za zamani zilizobandikwa majina mapya hadi ndani ya programu yake. GPU-Z, programu ndogo ya bure, tangu 2018 inajua kuzigundua nyingi na kuziandika kuwa bandia. Iwe kwenye flashi yako kabla hujashuka Kariakoo.

Nikiwa bado nimeinama kwenye kioo, shemeji akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. "Na miwani yenyewe iko wapi?"

Kimya. Muuzaji akazama chini ya kaunta, tukasikia maboksi yanaporomoka, akaibuka na kitu cheupe cha plastiki chenye lenzi mbili na mkanda wa mpira. Kilikuwa kile kikasha cha kuwekea simu, kitukuu cha ile miwani ya karatasi ngumu ambayo Google walikuja nayo mwaka 2014. "Hii nakupa nyongeza, mzee. Zawadi ya dogo." Shemeji alikivaa hapohapo. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akainua uso kutazama darini.

"Giza."

"Mpaka uweke simu ndani, mzee."

"Sasa kompyuta ya nini?"

Siku ile, katika watu wote tuliokuwa dukani, hilo ndilo lilikuwa swali la kitaalamu kuliko yote. Tangu 2019 miwani ya Quest inakuja na prosesa yake ndani, inacheza gemu zake bila kompyuta wala waya, na mwenye kompyuta anaiunganisha akipenda. Stika ya fedha ilikuwa inaahidi ndoa na mtu ambaye siku hizi anajitegemea.

Mpwa wangu, aliyekuwa kimya kwa heshima za kimkakati, akafungua begi. "Mjomba, tujaribu na gemu lenyewe." Akachomeka diski. GTA V ina kipimo chake chenyewe ndani ya mpangilio wa grafiksi, unabonyeza kitufe cha Tab na linakutembeza mjini bila wewe kugusa kitu, huku ukihesabu picha. Tukaliwasha. Mji ukatokea, jua linazama, bahari inameta. Kisha watu wakaanza kutembea kwa kudonoa. Hatua, kimya, hatua. Gari likaruka kutoka nguzo hadi nguzo bila kupita katikati. Namba za pembeni hazikufika 20.

"Gemu lenu lina virusi," muuzaji akasema.

Shemeji alikuwa ameinamisha sikio karibu na kibodi. "Hapana. Hii inamisi. Haipati mafuta."

Nakiri nilitaka kutabasamu, kisha nikakumbuka jambo. Nilimwomba muuzaji aizime na kuiwasha upya. Ilipowaka, kioo kilikuwa cheusi, yakatokea maandishi meupe, na kabla jicho halijashika neno la kwanza kidole cha muuzaji kilikuwa kimeshagonga F1 na maandishi yametoweka. Nikamwomba tena. Akagonga tena, kidole kilienda chenyewe, kwa mazoea, kama sivyo basi kwa mafunzo. Safari iliyofuata nikamwomba anipishe kiti. Maandishi yakabaki. Yalikuwa yanasema, kwa Kiingereza cha upole kabisa, kwamba chaja iliyochomekwa ina nguvu ndogo kuliko inayotakiwa, kwa hiyo mashine itapunguza spidi yake.

Tukaigeuza. Chini yake imeandikwa volti 19.5, ampea 9.23. Kwenye chaja: volti 19.5, ampea 4.62. Shemeji, ambaye umeme wa volti 24 wa lori anaujua kwa kuungua vidole, hakuhitaji somo. Alitoa simu akazidisha. "Huku 180. Huku 90." Akairudisha simu mfukoni. "Umenipa tangi la pikipiki."

Jambo hili nalisisitiza kuliko mengine yote, kwa kuwa ndilo linalowapata wengi na ndilo lisiloandikwa kwenye stika yoyote. Laptopu za mtumba husafiri kwa makontena mashine huku na chaja kule, na zikifika kila mashine inapewa chaja yoyote ambayo tundu lake linaingia. Tundu linaingia, taa inawaka, betri inajaa, filamu inacheza. Ukiipa kazi ya gemu, mashine inapima inacholishwa, inaona hakitoshi, inajibana ili isijizime. Mwenye mali atalaumu kadi, atalaumu gemu, atapiga Windows upya, atamwita mtu wa kompyuta wa ukoo. Volti mara ampea, kisha linganisha. Hesabu ya darasa la tano.

Dogo wa dukani akatumwa mbio. Alirudi na chaja inayojaza kiganja na kubaki, ya wati 180 halali, na nyuma yake wamefuata watu: machinga wa soksi, wapiga debe wawili, na dada wa mama ntilie aliyekuja kufuata sahani zake. Kipimo kikaanza upya. Mji uleule, jua lilelile, ila sasa watu wanatembea kama Mungu alivyowaumba. Namba zikapanda, zikavuka 60, zikatulia. Ndege ikapita chini ya daraja, machinga akapiga mbinja. Mpwa wangu akashika kipanya akaanza kucheza kwelikweli, na wote tukasahau kilichotuleta. "Kata kona! Polisi huyo! Mkanyage!" alikuwa anapiga kelele dada wa mama ntilie, mtu ambaye sahani zake huzikusanya kwa unyenyekevu mkubwa.

Sikuwaacha wamalize furaha. Niliwaambia tuendelee kucheza mpaka nitakaposema, na muuzaji akaanza kuangalia saa. Mashine ya gemu haihukumiwi kwa dakika mbili za mwanzo; kila mashine ni kijana katika dakika mbili za mwanzo. Na kweli, baada ya muda feni zikapandisha sauti, hewa ya kushoto ikawa ya moto usioshikika, na namba zikaanza kuteremka. 60, 48, 35. Kadi ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe. Shemeji akaweka kiganja kwenye tundu la hewa, akakitoa haraka. "Rejeta imeziba," akasema, na muuzaji, ambaye kufikia hapo alishakubali kwamba kuna mafundi wawili dukani, akachukua bisibisi. Alipofunua kifuniko cha chini tulikuta sufi. Vumbi la kijivu limejikunja kwenye mapezi ya shaba, na ndani yake nywele nyeupe, ndefu kidogo, nyingi. Dada wa mama ntilie akainama, akachunguza. "Paka," akasema. Kompyuta ya watu ilikuwa imeishi na paka, na paka alikuwa analala penye joto. Bloa ikapulizwa, wote tukapiga chafya, kifuniko kikarudi. Baada ya hapo namba zilikaa juu mpaka watu wakachoka kusimama.

Kuhusu bei sitasema mengi. Ilianza milioni mbili na laki tatu, "kwa sababu ya VR". Shemeji akaomba apunguziwe kwa sababu ya paka, kwa sababu ya chaja, na kwa sababu ya mechi yake iliyokatwa na tangazo la sabuni. Wakafika milioni moja na laki saba na nusu, chaja mpya ndani, kikasha cheupe cha macho juu. Shemeji alitaka stika ibanduliwe kwa kuwa imeonekana haina kazi. Mpwa wangu akaikinga kwa kiganja. Chuoni, alisema, ndiyo itakayosalimia watu kabla yake.

Nyumbani palitokea kizaazaa kimoja tu. Usiku wa kwanza umeme ulikatika katikati ya mchezo na gari likaanza tena kuruka nguzo hadi nguzo, shemeji akanipigia akihema kwamba tumetapeliwa. Haikuwa hivyo. Betri ya laptopu haiwezi kutoa nguvu zinazotakiwa na kadi ya namna hiyo, kwa hiyo mashine ikiachwa na betri peke yake inajibana vilevile kama ilivyojibana kwa chaja ya nusu. Gemu ni la umeme wa ukutani. Umeme uliporudi gari nalo likapona.

Nilipouliza ilikuwaje yeye ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha dereva saa zile za usiku, alisema anaipima kabla kijana hajaondoka nayo. Anaendelea kuipima mpaka leo. Mpwa wangu hulala mapema kwa kukosa cha kufanya. Dada ananieleza kwamba mume wake anaendesha mji mzima wa Los Santos, ule wa ndani ya gemu, kwa mkanda wa usalama wa kufikirika, anasimama kwenye kila taa nyekundu, anatoa indiketa ambayo gemu halimpi, na kila akisimama anagongwa kwa nyuma na kupigwa honi. Akanipigia tena kunishtakia tabia za madereva wa kule. Hawana leseni hata mmoja, alisema, na polisi wao wanapiga risasi kabla ya kuomba kitu kidogo.

Akauliza kama hakuna gemu la watu wanaoheshimu barabara. Nikamtajia Euro Truck Simulator 2, la mwaka 2012, malori tu, mzigo wa kufikisha kwa wakati, na faini ukipita taa nyekundu. Mashine yake inalibeba bila hata feni kupandisha sauti. Alinyamaza kidogo, nikasikia anavuta kiti.

"Lina mizani?"

Nikamwambia mizani iko kwenye ndugu yake, American Truck Simulator, la 2016, kule unaitwa pembeni kupimwa uzito.

"Basi hilo usiniletee," akasema. "Niwekee la Ulaya."